Ungo mmoja kwa jengo zima: Kuandaa nyaya za setilaiti katika fleti za London

Katika mitaa mingi ya London, kuanzia East Ham hadi Harlesden, nyumba za matofali zilizojengwa enzi za Malkia Victoria zimegawanywa kuwa fleti tatu, nne au sita. Kwenye kuta zake mara nyingi huonekana nyungo za setilaiti zilizofungwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na waya wake unaoning'inia hadi kwenye dirisha la mpangaji.

Kwa wahamiaji wengi, wakiwemo wale wa kutoka Afrika Mashariki, ungo kwa miaka mingi umekuwa njia ya kupata habari, mahubiri, michezo na lugha ambazo televisheni ya kawaida ya Uingereza haizibebi. Hata hivyo, desturi ya kila mtu kufunga ungo wake ina kasoro mbili kubwa. Inaweza kuvunja sheria za mipango miji, na humwacha bila chochote mpangaji ambaye madirisha yake yanatazama kaskazini.

Suluhisho ni kulitandikia jengo zima nyaya za pamoja kabla kuta hazijapigwa lipu. Kazi hiyo ni rahisi wakati jengo linapojengwa au kukarabatiwa. Baada ya hapo, kila tundu jipya ukutani huhitaji fundi, vumbi na ridhaa ya majirani.

Sheria huhesabu jengo, si kaya

Sheria ya England inaruhusu ungo kufungwa bila kuomba kibali cha halmashauri, ilimradi masharti fulani yatimizwe. Jengo ambalo kimo chake hakifikii mita 15 linaruhusiwa nyungo mbili tu. Ungo ukiwa mmoja, upana wake usizidi sentimita 100. Zikiwa mbili, mmoja usizidi sentimita 100 na wa pili usizidi sentimita 60. Ungo unaofungwa kwenye dohani nao usizidi sentimita 60.

Jengo lenye kimo cha mita 15 au zaidi linaruhusiwa nyungo nne, kila moja isiyozidi sentimita 130.

Jambo linalowashangaza wapangaji wengi ni kwamba hesabu hiyo ni ya jengo zima, wala si ya kila fleti. Katika nyumba ya fleti sita, wapangaji wawili wa kwanza kufunga nyungo huwa wametumia nafasi yote iliyotolewa na sheria. Wa tatu atalazimika kuomba kibali, hata kama wawili wale wanatazama setilaiti ileile na wangeweza kutumia ungo mmoja.

Masharti huwa makali zaidi katika maeneo yaliyotengwa ili kuhifadhi sura ya mitaa ya kale, ambayo ni mengi mjini London. Huko, jengo dogo haliruhusiwi bila kibali kuwa na ungo kwenye ukuta, dohani au mteremko wa paa unaotazama barabara na kuonekana kutoka barabarani. Majengo yaliyoorodheshwa kisheria kuwa ya kihistoria huhitaji idhini yake ya pekee.

Aidha, ruhusa ya sheria za mipango miji haiondoi haja ya ruhusa ya mwenye jengo. Mpangaji anayetoboa ukuta bila idhini anaweza kuvunja mkataba wake wa upangaji hata kama halmashauri haina pingamizi.

Ungo wa London hutazama karibu na upeo wa macho

Setilaiti zinazobeba matangazo ya Sky na yale ya bure ya Freesat ziko katika nyuzi 28.2 mashariki, juu ya ikweta, umbali wa takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini. Mtu akishusha mstari wima kutoka huko, utatua katika misitu ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kundi jingine mashuhuri, Hot Bird, lenye idhaa nyingi za Kiarabu, Kiajemi, Kiitaliano na Kipolandi, liko nyuzi 13 mashariki, juu ya Gabon.

Aliyezoea nyungo za Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba huko hutazama juu sana. Setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki huwa karibu utosini kwa mkazi wa Dar es Salaam, zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho. London iko mbali kaskazini mwa ikweta, na setilaiti za nyuzi 28.2 huonekana upande wa kusini-mashariki, nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho.

Tofauti hiyo hubadili kazi yote ya fundi. Mti au jengo linaloupita ungo kwa mita 10 litaukinga endapo liko ndani ya umbali wa takribani mita 21 upande wa setilaiti. Ungo uliofungwa wakati wa baridi, miti ikiwa haina majani, unaweza kufanya kazi vizuri hadi Machi, kisha ukaanza kupoteza picha majani yanapochipua.

Kwa hiyo mahali panapofaa katika jengo dogo huwa ni pamoja: paani au juu ya ukuta wa nyuma, kusiko na kizuizi upande wa kusini na kusini-mashariki. Fleti za upande wa kaskazini haziwezi kupata mawimbi hayo kwa ungo wa dirishani, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Kwa nini waya mmoja hautoshi

Mawimbi ya setilaiti hufika kwenye ungo yakiwa na masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Masafa hayo ni ya juu mno kupita kwenye waya wa kawaida. Kifaa kidogo kiitwacho LNB, kinachoshikiliwa na mkono wa chuma mbele ya ungo, huyakusanya na kuyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150.

Hapo ndipo tatizo la majengo ya fleti linapoanza. Matangazo hurushwa kwa mielekeo miwili ya mawimbi, wa wima na wa mlalo, na kila mwelekeo una sehemu ya masafa ya chini na sehemu ya masafa ya juu. Hayo ni makundi manne, na waya mmoja wa kawaida una nafasi ya kundi moja tu kwa wakati mmoja.

King'amuzi ndicho huchagua kundi. Kikituma volti 13 kwenye waya, LNB hutoa mawimbi ya wima. Kikituma volti 18, hutoa ya mlalo. Kikiongeza mlio wa umeme wa kilohezi 22, LNB huhamia sehemu ya masafa ya juu. Ndiyo maana majirani wawili hawawezi kugawana waya mmoja kwa kigawanyo cha bei nafuu. Mmoja akitaka idhaa iliyo katika kundi la wima na mwenzake iliyo katika kundi la mlalo, mmoja wao atakosa picha.

Jengo la pamoja hutumia LNB ya aina ya kwatro, ambayo hutoa makundi yote manne kwa pamoja, kila moja kwenye waya wake. Nyaya hizo nne huingia katika kifaa kiitwacho multiswichi. Waya wa tano hutoka kwenye antena ya televisheni ya kawaida, ambayo katika sehemu kubwa ya London huelekezwa kwenye mnara wa Crystal Palace, wenye urefu wa mita 219, kusini mwa jiji.

Multiswichi hufanya kazi kama karani wa posta. Kila king'amuzi hutuma ombi lake kupitia waya wake, na multiswichi hukipatia kundi kinachotaka bila kumsumbua jirani. Matangazo ya antena huunganishwa kwenye waya uleule, kisha hutenganishwa kwenye soketi ya ukutani.

Hesabu ya nyaya

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila soketi iwe na waya wake unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye multiswichi. Waya usipitishwe kutoka soketi moja hadi nyingine, kama inavyofanyika kwa taa au soketi za umeme.

Kanuni ya pili ni kwamba king'amuzi cha kawaida chenye uwezo wa kurekodi idhaa moja huku kikionyesha nyingine huhitaji nyaya mbili. Mahitaji hayo yalianza kuwa ya kawaida Uingereza baada ya Sky+ kuingia sokoni mwaka 2001. Majengo mengi yaliyokuwa na waya mmoja tu kwa kila fleti yalilazimika kufumuliwa upya.

Tuchukue mfano wa nyumba ya orofa tatu yenye fleti sita. Kila sebule ikipata nyaya mbili na chumba kikuu cha kulala waya mmoja, jumla ni nyaya 18. Multiswichi yenye matokeo 24 itatosha, na itabakiza nafasi sita za akiba.

Kutoka paani hadi kwenye multiswichi, setilaiti moja na antena huhitaji nyaya tano. Inafaa hata hivyo kutandika tisa tangu mwanzo, yaani nne za setilaiti ya kwanza, nne za setilaiti ya pili na moja ya antena. Gharama ya nyaya nne zaidi wakati kuta ziko wazi ni ndogo sana ikilinganishwa na kuzipitisha baadaye.

Sky Q, iliyoanza mwaka 2016, ilileta LNB na mpangilio tofauti wa masafa. Katika majengo ya pamoja huhudumiwa na multiswichi ya aina ya dSCR, ambayo inaweza kupeleka idhaa nyingi kwa wakati mmoja kupitia waya mmoja. Jengo ambalo kila waya umekwenda moja kwa moja hadi kwenye multiswichi linaweza kubadilishiwa kifaa hicho bila kugusa kuta.

Ubora wa waya nao una uzito wake. Waya unaofaa ni ule wenye kiini cha shaba, uliozungushiwa karatasi ya shaba na wavu wa shaba. Waya wa aina hiyo hupoteza takribani desibeli 30 kwa kila mita 100 katika masafa ya juu ya setilaiti. Kila desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya nguvu. Hivyo katika mita 25 tu, chini ya sehemu ya tano ya nguvu iliyoingia ndiyo itakayofika. Kwa sababu hiyo multiswichi huwekwa katikati ya jengo, mahali pakavu penye umeme wa pamoja, na waya haukunjwi kwa kona kali.

Nyaya zikipitishwa ndani ya mabomba ya plastiki yenye nafasi ya kutosha, fundi wa miaka ijayo ataweza kuzivuta na kuingiza mpya. Kila waya uandikwe pande zote mbili jina la fleti na chumba. Bila alama hizo, nyaya 18 zinazofanana ndani ya kabati moja zinaweza kumpotezea fundi siku nzima.

Umeme na moto

Mfumo unaounganisha kaya kadhaa huunganisha pia hitilafu zao za umeme. Vifaa vingi vya televisheni huvujisha kiasi kidogo cha umeme kwenye ganda la waya wa antena. Katika nyumba moja kiasi hicho si tatizo, lakini vifaa vingi vikijumlishwa katika mfumo mmoja, kiasi hicho kinaweza kumdhuru mtu atakayefungua kiunganishi. Kwa hiyo ganda la nyaya zote huunganishwa na mfumo wa ardhi wa jengo kwenye multiswichi, kazi ambayo ni ya fundi umeme mwenye sifa.

Hatari ya pili ni moto. Kuta na sakafu zinazotenganisha fleti hujengwa ili kuzuia moto usienee. Kila tundu linalotobolewa kwa ajili ya waya huvunja kinga hiyo, na lazima lizibwe kwa vifaa vinavyostahimili moto. Tangu moto wa Grenfell Tower wa Juni 14, 2017, ulioua watu 72 magharibi mwa London, ukaguzi wa kinga za moto ndani ya majengo ya makazi umezidi kuwa mkali.

Namna ya kufunga nyaya pia imebadilika. Mwaka 2010 wazima moto wawili walifariki katika jengo la Shirley Towers mjini Southampton, ambako nyaya zilikuwa zimeanguka kutoka darini baada ya vishikizo vyake vya plastiki kuyeyuka. Kanuni za umeme za Uingereza sasa zinataka nyaya zishikiliwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema wakati wa moto. Kwa fundi wa setilaiti, hiyo ina maana ya kutumia vishikizo vya chuma, hasa katika korido na ngazi.

Nani huamua, nani hulipa

Katika nyumba nyingi za London, wakazi wenye hati za upangaji wa muda mrefu hulipa gharama za matengenezo ya pamoja kwa mwenye jengo. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1985 inayohusu wenye nyumba na wapangaji, kazi itakayomgharimu mkazi yeyote kati ya hao zaidi ya pauni 250 inahitaji mashauriano rasmi kabla ya kuanza. Mwenye jengo akipuuza hatua hiyo, kwa kawaida hawezi kudai zaidi ya pauni 250 kwa kila mkazi.

Mashauriano hayo ndiyo nafasi ya wakazi kusema wanataka setilaiti zipi. Wasiposema, mara nyingi jengo hufungiwa nyuzi 28.2 peke yake, kwa kuwa ndizo zinazobeba Sky na Freesat. Familia inayotaka idhaa za Kiarabu kutoka nyuzi 13 hugundua upungufu huo baada ya lipu kukauka.

Hapa ndipo idadi ya nyungo mbili inapoonyesha faida yake. Mawimbi ya nyuzi 28.2 yana nguvu kusini mwa England, na ungo wa sentimita 60 huyapata bila shida. Ungo wa pili, ambao sheria inauruhusu kufikia sentimita 100, unaweza kuelekezwa nyuzi 13 au kwingineko. Zote mbili zikiingia kwenye multiswichi ya njia tisa, kila fleti hupata setilaiti zote mbili bila kukiuka idadi hiyo.

Ikumbukwe kwamba ungo wa pamoja hauleti leseni ya pamoja. Kila kaya inayotazama matangazo ya moja kwa moja ya televisheni inahitaji leseni yake.

Haki ya kupata idhaa za nyumbani

Suala hili limewahi kufika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg. Familia yenye asili ya Iraq, iliyokuwa ikiishi katika fleti ya kupanga huko Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, ilikataa kuondoa ungo iliokuwa ikitumia kupata idhaa za Kiarabu na Kiajemi. Mahakama za Sweden zilimpa ushindi mwenye nyumba, na familia hiyo ikalazimika kuhama.

Desemba 16, 2008, mahakama ya Strasbourg iliamua kwamba Sweden ilikuwa imekiuka haki yao ya kupokea habari. Majaji walieleza kuwa kwa familia ya wahamiaji yenye watoto watatu, matangazo hayo yalikuwa na umuhimu wa pekee katika kuhifadhi utamaduni na lugha ya nchi ya asili, na kwamba magazeti na redio haviwezi kuchukua nafasi yake kikamilifu.

Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini bado imo katika mkataba unaosimamiwa na mahakama hiyo. Uamuzi huo haumpi mpangaji ruhusa ya kufunga ungo popote apendapo. Unaonyesha, hata hivyo, kwamba haja ya kupata idhaa za nchi ya asili ni jambo linalostahili kupimwa kwa uzito, na mwenye jengo anayeweka mfumo wa pamoja wenye setilaiti zinazohitajika huwa ameondoa chanzo kikuu cha ugomvi.

Intaneti na ungo

Katika miaka ya karibuni matangazo mengi yamehamia kwenye intaneti. Sky yenyewe ilianza kuuza televisheni zisizohitaji ungo mwaka 2021, na vituo vingi vya Afrika Mashariki hutazamwa kwa simu na kompyuta. Tangu Januari 2017, majengo mapya na yale yanayokarabatiwa kwa kiwango kikubwa nchini England hutakiwa kuwa na njia za ndani za kupitishia mawasiliano ya kasi.

Setilaiti bado ina nafasi yake. Haihitaji malipo ya mwezi kwa matangazo ya bure, na picha haikatiki kwa sababu majirani wengi wanatazama mechi moja kwa wakati uleule. Hata hivyo, mwenye kutandika nyaya leo anashauriwa kupitisha waya wa kompyuta na nafasi ya waya wa mwanga katika bomba lilelile.

Kwa mkazi anayesikia kwamba jengo lake linakaribia kukarabatiwa, hatua ya kwanza haigharimu kitu: kumwandikia mwenye jengo, kabla ya mafundi kuanza lipu, kutaja setilaiti na idadi ya nyaya ambazo kaya yake inahitaji, na kuwaomba majirani nao wafanye hivyo.